Baraza na Sebule: Nani Aliketi Wapi Katika Viwanja vya Ndege vya Marekani

Desemba iliyopita tulikuwa watano, tukirudi nyumbani likizo kupitia uwanja wa JFK, New York. Ndege ilichelewa kwa saa nne. Mmoja wetu, dada aliyetutangulia na ambaye sasa anamalizia shahada ya uzamivu, ana kadi ya benki inayomruhusu kuingia launji pamoja na wageni wawili. Hesabu ikawa rahisi na chungu: watatu wanaingia, wawili wanabaki. Tukapiga kura kwa vijikaratasi. Waliobaki walilinda mizigo karibu na geti, wakiwa wamekaa sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Walioingia walikula wali, wakachaji simu, wakalala kidogo. Walipotoka, walitoa mifukoni ndizi mbili na biskuti zilizofungwa kwa karatasi ya kupangusia mikono, jambo ambalo tunashuku haliruhusiwi.

Hakuna aliyenuna. Ila mmoja wa wale wawili, mwenzetu wa Mombasa, alisema neno lililotukaa. Nyumba ya babu yake, alisema, ilikuwa na baraza nje na sebule ndani. Sebuleni ulialikwa. Barazani uliketi tu, hata kama ulikuwa mpita njia usiyejulikana jina, na kahawa ikija uliipata. "Hawa wamejenga sebule," akasema, "baraza wamelisahau."

Tulibishana jambo hilo hadi tukapanda ndege, na tuliporudi chuoni mwezi Januari tukaenda kulitafuta maktabani. Tulichokikuta kilituhusu kuliko tulivyodhani.

Kwanza neno. Kiswahili sanifu kinatupa "ukumbi wa mapumziko", na watu wengi wanasema launji, nasi tutasema hivyo. Tusiichanganye na kile chumba cha wageni mashuhuri tunachokijua nyumbani, ambamo waheshimiwa hupita bila kupanga foleni. Kile ni cha dola. Launji ni ya biashara, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa imeanza mwaka 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York.

Rais wa shirika la American Airlines wakati huo alikuwa C. R. Smith, mtu aliyejua kuuza. Ndege zake aliziita kwa jina la meli za kivita zinazombeba kamanda, na abiria aliotaka kuwapendeza, yaani wafanyabiashara wakubwa, wanasiasa na watu wa magazeti, aliwatunuku cheti cha "admirali" wa kundi hilo la ndege. Kilikuwa cheo cha mchezo, lakini wenye vyeti walikipenda. Uwanja mpya wa LaGuardia ulipoanza kazi mwishoni mwa 1939, Smith aliwapa maadmirali wake chumba chao: Admirals Club. Ukitaka kuingia hukulipa wala hukuomba. Ulialikwa.

Hapo ndipo tulipoona umuhimu wa kutofautisha mambo mawili. Mlango wa mwaliko hauhitaji kibao. Hakuna haja ya kuandika nani haruhusiwi, kwa kuwa orodha ya wanaoruhusiwa imeshaandikwa mezani kwa mkubwa. Tukijua maofisa wakuu wa kampuni za Marekani mwaka 1939 walikuwa watu wa aina gani, tunaweza kukisia sura zilizokuwa zikinywa kahawa mle ndani. Mashirika mengine yaliiga. United likawa na vyumba vya zulia jekundu, TWA likawa na Ambassadors Club. Tazama majina: admirali, balozi. Mtu aliyenunua tiketi anapewa cheo cha kubuni ili asijione abiria kama wengine.

Nje ya sebule hizo, katika majimbo ya kusini, vibao vilikuwepo. Watu wengi hukumbuka mabasi na mikahawa wanapozungumza juu ya ubaguzi wa Marekani, wakasahau kwamba viwanja vya ndege vilijengwa wakati uleule, vikiwa na vyumba viwili vya kusubiria, mabomba mawili ya maji na vyoo vinne. Hata uwanja wa taifa wa Washington, uliofunguliwa mwaka 1941 na kumilikiwa na serikali kuu yenyewe, ulikuwa na mkahawa ambao Mweusi hakuhudumiwa, hadi serikali ya Truman ilipopiga marufuku mwisho wa 1948. Mwaka 1955 balozi wa India nchini Marekani, G. L. Mehta, aliondolewa mahali alipokaa katika mkahawa wa uwanja wa ndege wa Houston na kuelekezwa sehemu ya watu wa rangi. Waziri wa mambo ya nje, John Foster Dulles, akalazimika kuomba radhi. Balozi wa kweli, mwenye hati za kweli, alifukuzwa kitini katika nchi iliyokuwa ikigawa vyeo vya admirali kwa wauza bima. Tumeirudia sentensi hiyo mara nyingi wakati wa kuandika makala hii na bado inatuchekesha vibaya.

Sasa tunafika mwaka 1959, na hapa historia inatugusa sisi wenyewe.

Tarehe 9 Septemba mwaka huo, ndege ya kukodi ilitua New York, katika uwanja ulioitwa Idlewild, ambao tangu Desemba 1963 unaitwa JFK. Ilibeba wanafunzi 81 kutoka Kenya, kundi la kwanza la mpango ulioandaliwa na Tom Mboya kuwaleta vijana wa Afrika Mashariki katika vyuo vya Marekani, wakati milango ya elimu ya juu ilikuwa imebanwa na ukoloni. Wengi wetu katika chama hiki tuna mjomba, shangazi au mwalimu aliyefundishwa na mmoja wa watu hao. Fedha za ndege zilichangwa na Wamarekani wa kawaida na watu mashuhuri. Miongoni mwa waliotia saini barua ya kuomba michango walikuwamo Harry Belafonte, Sidney Poitier, na Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza kucheza besiboli ya ligi kuu katika karne ya 20.

Siku 46 baadaye, tarehe 25 Oktoba, Robinson alikuwa uwanja wa ndege wa Greenville, South Carolina, akisubiri ndege baada ya kuhutubia mkutano wa NAACP. Aliketi na wenzake katika ukumbi mkuu wa kusubiria. Wakaambiwa waondoke waende upande wa watu weusi. Wakakataa.

Hakuwa wa kwanza pale. Mwezi Novemba 1958 Richard Henry, raia aliyeajiriwa na jeshi la anga la Marekani na aliyekuwa akirudi kwake Michigan kutoka safari ya kikazi, alitolewa katika ukumbi huohuo. Alifungua kesi. Jaji wa kwanza aliitupilia mbali. Mahakama ya rufani mwaka 1960 ikampa haki. Kati ya hukumu hizo mbili, tarehe 1 Januari 1960, watu wapatao elfu moja walitembea kwenye baridi hadi uwanja wa Greenville kupinga kilichotendwa kwa Robinson na Henry. Mwaka uliofuata ubaguzi ule wa viti ukafutwa.

Tafadhali msomaji, tazama walichokuwa wakikidai. Hawakudai sebule ya maadmirali. Walidai viti vya kawaida, vya mbao au vya plastiki, katika ukumbi wa kila mtu. Walidai baraza.

Na wanafunzi wa ule mpango wa Mboya walijifunza jiografia hii mapema. Wangari Maathai, aliyekuja na kundi la mwaka 1960, anaeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi safari yake ya basi kutoka New York kwenda chuoni Kansas ilivyomkutanisha na mkahawa ambapo yeye na wenzake waliweza kununua soda lakini hawakuruhusiwa kuketi ndani kuinywa. Alikuja kusoma biolojia, na somo la kwanza likawa hilo.

Turudi New York. Mwaka 1962 TWA lilifungua pale Idlewild jengo lililochorwa na Eero Saarinen, lenye paa kama ndege anayekunjua mabawa. Katikati kuna sehemu iliyoshushwa chini ya usawa wa sakafu, yenye makochi mekundu yanayotazama kioo kikubwa. Hiyo ilikuwa ya abiria wote. Ghorofani kulikuwa na Ambassadors Club. Pengine halijajengwa jengo lililotendea baraza haki namna ile: aliyepanda daraja la kawaida na aliyealikwa juu walitazama ndege zilezile, na ukweli ni kwamba wa chini alikuwa na kiti kizuri zaidi.

Kwa nini mashirika yalihangaika na makochi? Kwa sababu hayakuruhusiwa kushindana kwa bei. Hadi 1978 nauli za ndani ya Marekani zilipangwa na bodi ya serikali, Civil Aeronautics Board. Kama tiketi ya Chicago ni bei moja kwa kila shirika, utamvuta mteja kwa chakula, kwa nafasi ya miguu, na kwa chumba chenye utulivu. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyopelekewa malalamiko ya abiria waliouliza kwa nini wenzao waliolipa nauli ileile wanafunguliwa mlango na wao wanafungiwa. Lilikuwa swali la haki. Kufikia miaka ya 1970 mashirika yalikuwa yakiacha mwaliko na kuanza kuuza uanachama kwa mwaka. Mwenye fedha akaingia, awe nani.

Hatutaki kudharau hatua hiyo. Mlango wa bei ni bora kuliko mlango wa kujuana. Mjomba wa mwanachama mmoja, aliyesoma Ohio wakati huo, alinunua uanachama wa mwaka mmoja kwa mshahara wake wa kwanza, akautumia mara tatu, na kadi yake ameihifadhi hadi leo kama cheti cha kuzaliwa. Tulimuuliza kwa nini. Akasema alitaka kuona kilichokuwamo. "Karanga," akatuambia. "Karanga na magazeti."

Baada ya sheria ya 1978 kuziachia nauli, mambo yalikwenda haraka. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines lilianzisha AAdvantage, mpango wa kuhesabu maili za msafiri, na United likajibu siku chache baadaye. Sasa hukualikwa wala hukununua tu. Ulipanda daraja kwa uaminifu wako. Mwaka 1992 ikaja Priority Pass, inayokuuzia mlango wa launji nyingi bila kujali unasafiri na shirika gani. Kisha benki zikaingia. American Express ilifungua launji yake ya kwanza ya Centurion pale Las Vegas mwaka 2013. Benki hununua maili kwa wingi kutoka kwa mashirika na kuzigawa kwa wenye kadi, na mlango wa launji ni chambo mojawapo. Kwa hiyo anayeamua leo nani aketi wapi si rais wa shirika mwenye orodha mezani. Ni kompyuta ya benki inayopima historia yako ya kulipa madeni, kitu ambacho mwanafunzi mgeni aliyeshuka jana hana hata mstari mmoja.

Matokeo yake sebule zikajaa. Septemba 2023 shirika la Delta lilitangaza kuwabana wenye kadi. Wateja wakapiga kelele, na mwezi uliofuata shirika likalegeza. Lakini mkondo mwenyewe haukugeuka. Ndani ya sebule inajengwa sebule nyingine. Katika Terminali 8 ya JFK, tangu mwisho wa 2022, American na British Airways wana launji tatu zenye majina ya mitaa ya New York: Greenwich, Soho na Chelsea. Usidhani unachagua mtaa unaoupenda. Cheo chako ndicho kinachokuchagulia. Mwaka 2024 Delta nalo likafungua pale JFK launji ya pekee kwa abiria wa daraja lake la juu kabisa.

Nyumbani hatuna haja ya kujitia usafi. Kenya Airways, ambalo tangu Oktoba 2018 linaruka moja kwa moja kati ya Nairobi na JFK, lina launji yake Nairobi iitwayo Simba, na sisi tunaoandika haya tutaingia siku tutakayoruhusiwa, bila hotuba. Swali letu halikuwa kama sebule ni dhambi. Swali ni nini kimelipata baraza. Ukumbi ambao Henry aliupigania mahakamani upo wazi kwa kila mtu, na katika terminali nyingi tunazopita umebaki viti vichache vya chuma vyenye mikono katikati ili usilale, na soketi moja ya umeme inayogombaniwa na watu kumi.

Jengo la Saarinen lilifungwa kwa abiria mwaka 2001 na kufunguliwa tena Mei 2019 likiwa hoteli. Huhitaji tiketi kuingia. Mwezi Machi tulikwenda, tisa safari hii, tukashuka kwenye treni ya uwanjani na kupita mlango bila kuulizwa kitu. Yale makochi mekundu yapo, sasa ni mahali pa vinywaji. Tuliagiza chai tatu na sahani moja ya viazi, tukaketi sote. Mhudumu alituuliza tunazungumza lugha gani, akaongeza maji ya moto mara mbili, na hakutuletea bili mpaka tulipoiomba.