Banda la Kuku la Bezuidenhout Valley



Kamati imeniomba niandike machache kuhusu tawi letu la Johannesburg. Nimechagua historia ya banda la kuku, maana ndani yake imo aibu yetu moja ambayo yafaa watoto wetu waijue.

Marehemu Baba alihamia Bezuidenhout Valley mwaka 1996. Kule Muheza alizoea kuku washinde wakichakura shambani na walale jikoni. Hapa alinunua kuku wa aina ya Koekoek, wenye manyoya ya milia, waliozalishwa katika Chuo cha Kilimo cha Potchefstroom miaka ya 1950. Akawafunga kamba hadi wauzoee ua, kwani wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Adui wa kwanza alitoka angani. Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886 kwa sababu ya dhahabu, juu ya mbuga ya nyasi yenye miti michache. Makampuni ya migodi yakapanda mikalitusi ili kupata magogo ya kuegemeza mashimo. Msitu wa Sachsenwald, ambao leo ni mtaa wa Saxonwold, ulianza hivyo katika miaka ya 1890. Wakazi nao wakapanda miti mitaani. Miti hiyo ikawa makao ya kipanga mweusi, ndege wa msituni apendaye kujenga kiota juu ya mikalitusi na kuwinda njiwa na kuku. Kuku aliyefungwa kamba hakuwa na pa kukimbilia. Tulipoteza wawili mchana kweupe, ndipo Baba akaufunika ua kwa wavu.

Kisha, mwaka 2008, kuku wakaanza kutoweka usiku. Ulikuwa mwezi wa Mei, ghasia dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra, zikaenea nchini na kuua watu 62. Tulilala na nguo za safari, mizigo ikiwa mlangoni. Katika hofu ile Baba akamtuhumu kijana wa Kizimbabwe aliyepanga chumba cha uani. Sisi tulioshukiwa kwa ugeni wetu tukamshuku mgeni mwenzetu.

Kijana hakujibizana. Jioni alinyunyiza majivu kuzunguka banda. Alfajiri akatuita: tukaona nyayo ndogo kama za paka, na ndani kuku mmoja ameliwa kichwa na shingo. Alikuwa kanu, mnyama mwembamba wa madoa mwenye mkia wa pete, aliyeshuka kutoka vilima vya Kensington na kupenya chini ya bati. Baba alimwomba radhi mbele yetu sote. Sikuwa nimepata kumwona akimwomba radhi mtu aliye mdogo kwake.

Wawili hao wakajenga banda jipya: wavu wa waya mgumu wenye matundu ya milimita 13, uliofukiwa sentimita 30 ardhini, paa lisilo na upenyo, mlango wa komeo ufungwao kabla ya magharibi. Wavu mwepesi humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii adui asiingie. Tangu hapo hatujapoteza kuku hata mmoja usiku.

Baba alipofariki, kijana yule, sasa mtu mzima, alibeba jeneza pamoja nasi. Nawasihi, ndugu zangu, popote mlipo ugenini: kabla ya kumtuhumu jirani, nyunyizeni majivu kwanza.