Kutoka Ahlu-Suffa Hadi Fomu ya HELB: Historia ya Mwanafunzi Anayesaidiwa



Ndugu msomaji, kila mwaka barua za kuitwa vyuo vikuu zikifika, kuna jambo hujirudia majumbani mwetu. Barua imesomwa, mama amepiga kigelegele, jirani kaambiwa. Kisha usiku watu wakishalala, baba huigeuza ile barua upande wa pili, penye hesabu ya karo. Hapo ndipo furaha inaponyamaza.

Na kijana akiambiwa aende akajaze fomu ya kuomba msaada, utasikia jibu moja kati ya matatu. Wa kwanza atasema: "Mimi siombi, watu watasema kwetu hakuna kitu." Wa pili: "Ule mkopo una riba." Wa tatu: "Pesa hizo zina wenyewe, sisi hatupati." Majibu yote matatu si ya kudharauliwa. Lakini ukirudi nyuma kidogo kwenye historia, ya Uislamu na ya nchi yetu, utaona kuwa kila moja lina jibu lake.

Aliyelishwa akawa mwalimu

Tuanze na haya ya kuomba. Baada ya Hijra ya mwaka 622, pale msikitini Madina palikuwa na sehemu yenye kivuli iliyoitwa Suffa. Hapo waliishi masahaba masikini wasio na nyumba wala jamaa wa kuwategemea. Kazi yao kubwa ilikuwa kujifunza dini. Chakula chao kilitoka kwa Mtume (SAW) na kwa Waislamu waliokuwa na uwezo: huyu huleta tende, yule huchukua wawili akala nao nyumbani.

Mmoja wao alikuwa Abu Hureira (RA). Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akianguka kwa njaa. Leo ni yeye anayehesabiwa kuwa sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, zaidi ya 5,000. Jiulizeni, vijana wenzangu: lau angeona haya kulishwa, sisi tungepoteza nini? Wafasiri wengi huwataja watu hawa wa Suffa wanapoieleza aya ya 273 ya Suratul Baqara, inayowasifu masikini wasiong'ang'ania watu. Angalia vizuri. Sifa yao ni kutong'ang'ania. Haikuwa kukataa msaada uliowekwa kwa ajili yao.

Karne nne baadaye msaada huo ukawa na mpango. Mwaka 1067 Nizamul-Mulk, waziri wa dola ya Seljuk, alifungua Madrasa ya Nizamiya mjini Baghdad. Iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Na wakfu, kwa asiyejua, ni mali ambayo asili yake haiuzwi wala hairithiwi; kinachotumika ni pato lake. Kodi za maduka na mazao ya mashamba yalilipa walimu na posho za wanafunzi. Mtoaji wakfu aliandika masharti yake: nani anastahili, apewe nini, na lini. Kwa hivyo hata zamani hizo mtu hakuingia tu akala. Alitakiwa ajulikane ni nani na yu katika hali gani. Fomu si jambo la leo.

Kisa cha Imam Ghazali kinajulikana na wengi wa masheikh wetu. Alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, Khurasan, na baba yake alikuwa fundi masikini wa kusokota sufi. Kabla ya kufa alimwachia rafiki yake wanawe wawili pamoja na akiba ndogo, akamwomba awasomeshe. Akiba ikaisha. Yule rafiki, naye ni fukara, akawaambia wazi: sina tena, nendeni mkajiandikishe madrasa mpate riziki yenu. Ghazali alikuja kukiri baadaye kwamba walianza kuitafuta elimu kwa sababu ya tumbo, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya mwingine ila ya Mwenyezi Mungu. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika Nizamiya ile ile ya Baghdad.

Na hali ilikuwa hivyo kwengineko. Msikiti wa Azhar mjini Cairo ulikuwa na mabweni yaitwayo riwaq, kila watu na lao, na moja lilikuwa la Jabart, yaani ndugu zetu wa Pembe ya Afrika. Na hapa kwetu Lamu, Habib Saleh alipoanzisha Riyadha mwishoni mwa karne ya 19, wanafunzi walitoka mbali na wakapata mahali pa kulala na kula. Hakuna aliyewaita ombaomba. Waliitwa wanafunzi.

Kenya: ndege, boom na vurugu

Sasa tuje kwenye vyuo vikuu. Mkopo wa elimu ya juu Kenya haukuanza na HELB. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, kama vile Uingereza, India na Marekani. Wakati huo huo Mombasa ilikuwa imepata taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, iliyoanza masomo mwaka 1951. Fedha zake zilichangwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohra na serikali ya kikoloni. Taasisi hiyo ndiyo iliyokua hadi ikawa, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mchango wa watu wa jana umekuwa chuo cha watoto wa leo.

Mwaka 1959 kulikuwa na vijana waliokwisha kupata nafasi na ufadhili katika vyuo vya Marekani, lakini hawakuwa na nauli. Barua mkononi, na hakuna njia ya kufika! Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba, na wasanii na wanamichezo kama Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson wakasaidia kuchangisha. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili safari ziendelee. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo ni Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Nyumbani nako, jamaa walifanya michango kijiji kwa kijiji kumtafutia kijana wao sanduku na pesa za mfukoni.

Baada ya uhuru, mwaka 1974, serikali ilianzisha mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Wazee wetu waliosoma enzi hizo huikumbuka kwa jina moja tu: boom. Mwanafunzi alipokea pesa mkononi, akala, akavaa, na wengine wakatuma nyumbani. Lakini kulikuwa na kasoro mbili. Sheria ya kudai mkopo ule haikuwa imara, na wengi waliuona kuwa zawadi. Walipomaliza na kupata kazi, hawakurudisha.

Mfuko usiorudishiwa hukauka. Mwaka 1990 vyuo vilipokea kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 na idadi ikapanda. Ripoti ya tume ya Kamunge ya 1988 ilikuwa imekwisha kupendekeza wazazi wachangie gharama. Mwaka 1991 boom ikaondolewa na karo ya kulipwa na mwanafunzi ikaingia. Wanafunzi waligoma, kukawa na vurugu, vyuo vikafungwa. Waliolipa gharama ya waliokopa bila kurudisha ni wadogo zao.

Ndipo mwaka 1995 Bunge lilipopitisha sheria ya kuunda HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yenye nguvu za kumfuata mdaiwa hadi kwa mwajiri wake. Kinachorudishwa na waliomaliza ndicho kinachosaidia kuwakopesha wanaoingia. Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ambao sehemu yake imekwenda kwenye basari, na tangu 2013 kaunti nazo zina basari zao.

Mwaka 2023 utaratibu ulibadilika tena. Badala ya chuo kupewa pesa kwa idadi ya wanafunzi, kila mwanafunzi alitakiwa aombe mwenyewe na hali ya nyumbani kwao ipimwe. Kufikia 2024 kulikuwa na madaraja 5. Wa daraja la kwanza, walio na shida zaidi, walipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia ilipe asilimia 5. Wa daraja la tano walipangiwa ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, na familia asilimia 40. Wengi walilalamika kuwa wamewekwa daraja lisilo lao: mtoto wa mvuvi au mama muuza mahamri kupimwa kama mtoto wa tajiri. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo kwa muda.

Na riba je?

Hili ni swali la haki, na kijana anayeliuliza asichekwe. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza umekuwa na nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Uharamu wa riba twaujua sote. Kuhusu mwanafunzi asiye na njia nyingine, masheikh wetu hawakusema neno moja, na makala haya si mahali pa fatwa. Muulize sheikh unayemwamini, umweleze hali yako ilivyo.

Ila historia inatwambia jambo moja. Wale waliokuwa na Suffa, Nizamiya na Riyadha hawakumwambia mwanafunzi "usichukue" kisha wakaenda zao. Walimwekea sahani mbele yake. Sisi tukisimama msikitini tukasema mkopo huu haufai, basi kwa ulimi ule ule tuseme karo ya kijana huyu italipwa na nani. La sivyo tumemfungia mlango na ufunguo tumeuweka mfukoni. Na mara nyingi anayebaki nyumbani ni dada, maana pesa kidogo zikipatikana hupewa kaka.

Na inawezekana. Tangu 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu imekuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Waislamu walio wachache katika nchi zisizo wanachama wake. Kwa mwanafunzi ni qardhu hasan, mkopo usio na riba. Akimaliza na akapata kazi hurudisha, na anachorudisha hakirudi benki. Huwekwa katika mfuko wa jamii yake ili kisomeshe wengine. Hiyo ni fikra ya wakfu kwa mavazi ya leo. Msikiti wenye maduka matatu barabarani waweza kuanza na duka moja.

"Pesa zina wenyewe"

Jibu la tatu nalo lina ukweli wake. Kwa miaka mingi vijana wetu wa Kaskazini Mashariki na baadhi ya sehemu za Pwani walipitishwa kwenye msasa wa ziada ili wapate kitambulisho tu. Mapema mwaka 2025 serikali ilitangaza kuuondoa msasa huo katika kaunti za mpakani. Kijana asiye na kitambulisho hawezi kujaza fomu, na asiyejaza hahesabiwi. Lakini tusiifanye dhulma ya wengine kuwa kisingizio cha uzembe wetu. Wangapi hukosa kwa sababu tarehe imepita, au cheti cha kifo cha baba hakijatafutwa tangu azikwe?

Basi mwezi huu, kabla shughuli za Idd hazijaanza, kaeni na kijana wenu. Wekeni pamoja kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, namba ya KRA, vitambulisho vya wazazi na vya wadhamini, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa. Jazeni ukweli. Usimzike baba aliye hai ili upate zaidi. Na usiufiche ufukara wenu kwa kuona haya, maana huo nao ni ushahidi usio wa kweli. Ukiwekwa daraja lisilo lako, kata rufaa kwa ushahidi. Usinyamaze ukaacha chuo.

Na wewe uliyemaliza, una kazi na bado hujarudisha: deni ni deni. Mtume (SAW) aliletewa maiti mwenye deni, akajizuia kumswalia mpaka alipopatikana wa kulibeba lile deni. Mwanafunzi anayekungoja humjui, lakini yuko.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.