Mkono Uliochonga Italiki

Juzi nililetewa kadi ya mchango wa harusi. Majina ya bwana na bibi harusi yalipigwa kwa herufi nyembamba, zilizobanana na kulala upande, utadhani mtu ameketi na kalamu akaziandika moja moja. Nikamsifu kijana wa steshenari kwa mwandiko mzuri. Akacheka: "Mzee, hiyo ni mashine."

Sawa, ni mashine. Lakini nyuma ya mashine kuna mkono, na leo nataka tuukumbuke.

Mwaka 1501, mjini Venice, mchapaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushika mkononi. Zama zile vitabu vya namna hiyo vilizoeleka kuwa vikubwa, vya kusomewa mezani. Ukurasa mdogo ulifaa herufi nyembamba, nazo ziliigwa kutoka mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia. Ndiyo maana twaziita italiki. Kitabu kizima kilipigwa kwa herufi hizo. Herufi kubwa tu ndizo zilizosimama wima.

Aliyezichonga ni fundi Francesco Griffo wa Bologna. Kila herufi aliichonga kinyume kwenye ncha ya chuma, kisha ikagongwa kwenye shaba kupata kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa.

Aldus alimsifu fundi huyo ndani ya kitabu. Lakini mwaka 1502 Seneti ya Venice ilipotoa haki ya pekee ya kutumia herufi hizo, aliyepewa ni Aldus. Griffo akahama, akamchongea italiki nyingine mchapaji Gershom Soncino wa Fano. Mwaka 1503 Soncino akaandika waziwazi kwamba mbunifu wa kweli ni Griffo. Nao wachapaji wa Lyon, Ufaransa, waliziiga bila kujali amri ya Venice.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda kilichonga, pete ikavaliwa na kingine.

Leo italiki hutumika kwa majina ya vitabu, maneno ya kigeni na kadi zetu za harusi. Zikiwa chache hupendeza; zikijaa ukurasa huchosha macho.

Basi ndugu zangu, fundi akikuchorea kibao cha duka, mlipe ujira wake. Na jina lake lipe nafasi, walau pembeni chini.