Kijasho chembamba safarini: neva na homoni zinavyoendesha mwili

Alfajiri stendi ya Nyegezi, Mwanza. Mama lishe anagusa sufuria ya uji bila kitambaa, mkono unaruka hapo hapo. Ukimuuliza atasema kautoa mwenyewe. Si kweli kabisa. Amri ilitoka kwenye uti wa mgongo, na ubongo ulipata habari baadaye kidogo, pamoja na maumivu.

Hiyo ni kazi ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Ujumbe wake ni wa umeme, na kwenye neva zenye kasi zaidi husafiri hadi mita 100 na zaidi kwa sekunde. Ukishafika, umekwisha.

Homoni zina mwendo mwingine. Tezi huzimwaga kwenye damu, damu inazizungusha mwili mzima, na kiungo kinachozitambua ndicho kinachoitikia. Homoni kuu ya tezi ya shingo, inayopanga kasi ya mwili kutumia nguvu, nusu yake huwa bado ipo kwenye damu baada ya wiki nzima. Ndio maana goita haiji kwa siku moja. Na chumvi yenye madini joto inahitajika hata kwa wanaokula sato na sangara kila siku, kwa sababu samaki wa ziwani hawana madini hayo kwa wingi kama wa baharini.

Mifumo hii miwili inafanya kazi pamoja. Bodaboda ikimkosakosa mtu pale getini, neva zinamrusha pembeni, na wakati huohuo zinaamsha tezi zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini. Bodaboda imeshapotea, moyo bado unadunda.

Pa kujali zaidi ni kwenye kisukari. Chukua abiria anayetumia insulini: kajidunga saa kumi na moja alfajiri, basi la Dar linaondoka, chai atakunywa mbele ya safari. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho lingepunguza insulini lenyewe na kutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliambia ini litoe sukari ya akiba. Insulini ya sindano haiambiliki. Ikishaingia imeingia, inaendelea kushusha.

Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo, ubongo unashtuka na neva zinaita adrenalini. Kijasho chembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Jirani wa kiti atasema malaria hiyo. Ikiendelea kushuka, ubongo wenyewe unakosa chakula: abiria anaongea ovyo kama mlevi, mwishowe anazimia.

Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apime tena. Kama haijapanda, arudie. Ikipanda, ale chakula. Aliyezimia asiwekewe chochote mdomoni, basi lipitie hospitali iliyo karibu.

Ubaya ni kwamba kisukari cha miaka mingi huharibu neva zenyewe. Mtu anakanyaga msumari asisikie. Kengele ya kutetemeka nayo inaweza kufifia, hasa kwa aliyeshukiwa na sukari mara nyingi, akaruka moja kwa moja hadi kuchanganyikiwa. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama propranololi, zinaweza kuificha pia, ingawa jasho mara nyingi hubaki. Mgonjwa wa aina hiyo anapima kabla ya kupanda basi hata kama anajisikia poa, anabeba sukari mfukoni, na konda anaambiwa mapema.