Uoanifu: programu uliyoilipia inapogoma

Chukua mwenye duka wa Sokon I, Arusha, anayeweka hesabu zake kwenye programu ya simu aliyoilipia. Usiku simu inajisasisha. Asubuhi programu inafunguka na kujifunga papo hapo. Anampelekea fundi, anamwambia imeharibika. Fundi akilichukua neno hilo lilivyo, ataiflash simu, na madeni ya wateja yatafutika yote.

Kumbe hakuna kilichoharibika. Simu ni nzima, programu ni ileile ya jana. Ila haviendani tena. Sifa iliyokosekana hapo wataalamu huiita kwa Kiingereza backward compatibility: mfumo mpya kuendelea kuendesha programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mfumo wa zamani. Kwa Kiswahili napendekeza uoanifu na matoleo ya awali. Wapo wanaopendelea utangamano, lakini hapa Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, neno hilo na ndugu yake mtangamano yameshazoeleka kwa habari za nchi kuungana. Kuoana tunakutumia kila siku: rangi za nguo huoana, nati na bolti huoana au hukataa.

Mfano mkubwa ni wa Septemba 2017. Apple ilipotoa iOS 11, iliondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, zilizoandikwa kwa ajili ya vichakataji vya kizazi cha nyuma. Watengenezaji waliokuwa bado kazini walizisuka upya programu zao. Waliokuwa wameshaacha kazi hiyo waliwaachia wateja alama tu kwenye kioo, ingawa fedha zilikuwa zimelipwa.

Ukisema mbovu, unamtafuta mtu mmoja. Ukisema haioani, wanajitokeza watatu: aliyetengeneza programu, aliyebadilisha mfumo, na duka la mtandaoni lililopokea malipo. Umoja wa Ulaya ulilishughulikia hili katika agizo lake namba 2019/770, lililoanza kutumika 1 Januari 2022: muuzaji wa maudhui ya kidijitali anawajibika kumpatia mteja masasisho ya kuyafanya yaendelee kulingana na mkataba. Sheria yetu ya Ushindani hapa Tanzania ni ya 2003, miaka mitano kabla Apple haijafungua duka lake la programu. Inamkinga mlaji dhidi ya kupotoshwa, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia, lakini haikutungwa kwa kufikiria programu za simu. Ni wakati iongezewe kifungu cha uoanifu, kwa jina hilo.

Wakati tukisubiri, toa nakala ya kumbukumbu zako kabla ya kusasisha, na utunze risiti iliyokuja kwa barua pepe. Programu ikigoma, usikubali kuflash kwanza. Mwandikie aliyekuuzia hivi: “Programu niliyoinunua tarehe fulani haioani tena na mfumo toleo fulani. Naomba sasisho, au nirudishiwe fedha zangu.”