Mnazi Wako, Ardhi ya Nani?

Nyumbani kwetu Majoreni, ukimuuliza nyanya shamba lake linaishia wapi, hakuonyeshi karatasi. Anakuonyesha mwembe, halafu anakwambia, "Muulize jirani." Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi naelewa: jirani ndiye aliyekuwa rejista.

Haya, turudi nyuma kidogo. Huku Pwani mnazi na ardhi vilikuwa vitu viwili. Mtu aliweza kupanda minazi kwenye ardhi ya mwenzake, akaiangua, akaiuza, watoto wake wakairithi, na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Nyumba vilevile. Mombasa hadi leo kuna watu wana nyumba lakini kiwanja si chao. Mila zetu na sheria ya Kiislamu hazikuona tatizo. Sheria ya Kiingereza ndiyo iliyosema kilichoshikana na ardhi ni cha mwenye ardhi.

1895 Waingereza wakachukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi, ambao kwa jina ulibaki wa Sultani wa Zanzibar. 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi. Anayesema ana ardhi ukandani aje mbele ya msajili, adai, alete ushahidi. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya serikali.

Sasa hebu fikiria. Wenye ujuzi wa mahakama na karatasi, hasa familia kubwa za mijini, walidai. Lakini shamba lililopumzishwa, malisho na msitu wa kaya ni vya nani? Vya ukoo mzima! Nani atasimama aseme "ni vyangu"? Wamijikenda wengi hawakudai, na kimya chao kikaandikwa kama hawapo. Ndiyo maana watu wamezeeka wakiitwa maskwota kwenye ardhi yenye makaburi ya babu zao.

Kwa hivyo mimi neno skwota silitumii ovyo. Mara nyingi halikwambii nani alifika kwanza. Linakwambia nani aliwahi ofisini.

Katiba ya 2010 angalau ilikiri jambo hili. Ilitambua ardhi ya jamii, na ikaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Ni vizuri, lakini hatimiliki haiji yenyewe.

Na hapa ndipo sisi vijana tunalala. Kuna sheria ya 1968 ya kupima mashamba na kuandika wenyewe. Maafisa wakimaliza, rejista huwekwa wazi na mtu ana siku 60 za kupinga. Siku 60 tu! Tangazo linabandikwa, wazee wanangoja mtu wa kuwasomea, na sisi tuko Diani tunapiga selfi. Halafu miaka kumi baadaye tunalia tumeporwa.

Mzee akienda kuonyesha mipaka, nenda naye. Mwite jirani pia, hata kama mmenuniana kwa sababu ya mbuzi wake. Ushahidi wake ndio utakaokulinda, na wako utamlinda yeye. Andikeni majina, pigeni picha miti ya mpaka, ulizeni ofisi ya ardhi Kwale rekodi inasemaje.

1908 kimya kilitugharimu. Safari hii tunajua kusoma.

Kwenu je, mpaka ni mti gani, na nani bado anaukumbuka?