Kofia na Uungwana: Habari za Vichwa vya Mji wa Unguja

Kila mtu ana lake limpendezalo. Yuko apendaye kutazama mashua, yuko apendaye ng'ombe. Mimi tangu utoto wangu napenda kutazama kofia. Kila nifikapo mji wa Unguja, kabla sijanunua nilichoagizwa nyumbani, hukaa kitambo barazani karibu na soko la Darajani, nikatazama vichwa vya wapitao. Wenzangu hunicheka, wakisema, "Mwalimu, wewe wahesabu vichwa kama mtoza kodi." Nami huwajibu ya kuwa kichwa cha mtu kina habari nyingi, na nusu ya habari hizo i nje, juu ya nywele.

Ukikaa pale saa moja utaona mengi. Mzee apita amevaa kofia nyeupe ya viua, imefuliwa na kutiwa wanga hata imesimama wima. Nyuma yake yuaja mchukuzi mwenye kofia ya sufu, ingawa jua ni kali. Mvuvi amevaa pama ya ukindu, yenye ukingo mpana wa kumpa kivuli. Muuza ndizi hana kofia, bali ana kata ya nguo kichwani, na juu ya kata mzigo wake. Watoto wa chuoni wakimbia na vikofia vyao vyeupe, na mtalii kutoka Ulaya asimama katikati ya njia akipepewa na chapeo yake ya majani. Vyote hivi ni vifuniko vya kichwa, wala hakuna kisichokuwa na historia yake. Basi nataka kuwaeleza habari za kimoja hasa, yaani kofia nyeupe ya kudarizi, kwa sababu nilipoitafuta asili yake nalikuta jambo kubwa kuliko nilivyodhani.

Kwanza tutazame majina. Neno kofia tumelipata kwa Waarabu. Kilemba nacho ni vazi la kale sana katika pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, na wenyeji wakamletea mavazi ya kumstahi mgeni. Miongoni mwake kilikuwamo kilemba cha Misri chenye mapambo. Basi tangu zamani hizo kumpa mtu kitu cha kuvaa kichwani kulikuwa ni kumheshimu.

Baadaye walikuja Wareno. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Msumbiji na merikebu zake, akampa mkuu wa mji zawadi, na kofia zilikuwamo. Yule mkuu alizidharau zawadi zile, akataka kitambaa chekundu. Gama alipofika Malindi alimpelekea mfalme kofia moja tena, pamoja na marijani na mabakuli ya kunawia. Lakini mfalme alipotoka kuonana naye alikuwa amevaa vazi la thamani, na kichwani amepiga kilemba cha fahari. Watu wa pwani hawakuwa na haja ya kofia za wageni. Wareno waliondoka Mombasa mwaka 1698, Ngome ya Yesu ilipotekwa na Waarabu wa Omani. Walakini neno lao lilibaki kinywani mwetu, ndilo chapeo. Nao wafasiri wa Biblia walipotafuta jina la kofia ya vita ya askari, katika Waraka kwa Waefeso, walilichukua neno hilo hilo la Kireno.

Sasa natufike Unguja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Seyyid Said alihamishia makao yake huku, na mashamba ya karafuu yakapandwa kisiwani. Kazi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Siku zile mtu aliyekaa barazani, kama nikaavyo mimi, hakuwa na haja ya kumwuliza mpitaji hali yake, maana kichwa kilimwambia. Mwarabu mkubwa alivaa joho, na kilemba kichwani. Muungwana alivaa kanzu na kofia. Mtumwa alijifunga nguo fupi kiunoni, na kichwa chake kilikuwa wazi. Kwa desturi ya mji, kofia na viatu havikuwa mavazi ya mtumwa. Jua la Unguja halichagui muungwana wala mtumwa. Wanadamu ndio waliochagua nani afunike kichwa na nani asifunike.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash alikubali mkataba na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa. Mwaka 1897 Seyyid Hamud bin Muhammad alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria za nchi. Hata hivyo amri ile haikumfungua kila mtu siku moja. Aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende barazani kwa hakimu akauombe; na masuria hawakuingizwa katika amri ile mpaka mwaka 1909. Wengi waliopata uhuru walitoka mashambani wakaja mjini, wakajenga Ng'ambo, upande wa pili wa ile hori iliyoutenga mji wa mawe na mitaa ya maskini.

Na hao watu huru, walipopata fedha kidogo, walinunua nini? Wanawake waliiacha kaniki ya utumwa wakajifunga kanga za rangi. Wanaume walivaa kanzu, na juu ya vichwa vyao wakavaa kofia. Wako waliowacheka, wakisema kwamba mtu wa jana leo ajifanya bwana. Lakini mimi nikilifikiri jambo hili naona walikuwa na akili sana. Cheti cha uhuru hukaa sandukuni, wala mpitaji hakioni. Kofia huonwa na kila mtu, hata na yule ambaye jana alikuwa akikuita kwa kupiga makofi. Mwenye kofia alikuwa akisema pasipo kufungua kinywa, "Mimi ni mtu kama wewe."

Nendeni Mkunazini mwone. Pale palipokuwa soko la watumwa pamesimama kanisa kuu, ambalo Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka ule ule wa 1873. Sisi Wakristo wanaume tunapoingia kanisani huvua kofia, na jirani zetu Waislamu hufunika vichwa waendapo msikitini. Desturi ni mbili, heshima ni moja. Lakini siku moja nikisimama mlangoni pale, kofia mkononi, fikira hii ilinijia: hawezi kuvua kofia mtu asiyeruhusiwa kuivaa. Mahali pale watu walisimamishwa vichwa wazi ili watazamwe meno na mikono kama wanyama. Leo wajukuu wao huingia wamevaa, wakavua kwa hiari yao wenyewe. Tangu siku ile sikuiona tena kofia kuwa kitu kidogo.

Basi na tuitazame kazi yenyewe. Kofia ya viua ina sehemu mbili: duara ya juu, na ukanda uzungukao kichwa. Nguo ni nyeupe, nayo hukunjwa mara mbili ili ipate nguvu. Kwanza huchorwa nakshi: maua, nyota, majani, au mistari iliyokingamana. Kisha mshonaji hutoboa tundu dogo kwa sindano, akaizungusha sindano na uzi ukingoni mwa tundu lile hata likawa duara safi lisilofumuka. Hicho ndicho kiua kimoja. Akimaliza hufanya cha pili, na cha tatu, na kofia moja yaweza kuwa na viua mamia. Viua hivi si pambo tu. Hupitisha hewa, kichwa kisipate joto. Kofia ikiisha kufuliwa hutiwa wanga, ikavikwa juu ya gogo la mviringo liitwalo faroma, ili isinywee wala isipotoke. Neno hilo faroma nalo ni la Kireno.

Nalimwona bibi mmoja wa Ng'ambo akiifanya kazi hii mlangoni pake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza kofia ile itakwisha kwa siku ngapi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, kofia haiulizwi siku, huulizwa macho. Macho yakiwa mazima, mwezi; yakichoka, miwili." Nikafahamu kwamba wale waliokuwa wakipita Darajani kwa fahari walivaa vichwani macho ya mama zao na dada zao. Tunasema chanda chema huvikwa pete. Lakini chanda kilichoshona kofia mara nyingi hakikuvikwa kitu, wala jina la mwenyewe halikuandikwa popote.

Wazee wetu walikuwa na desturi nzuri katika jambo hili. Kijana aliyefundishwa kazi, alipohitimu, alimpa fundi wake zawadi, na zawadi ile iliitwa kilemba. Si lazima iwe nguo. Yaweza kuwa fedha. Lakini jina lake ni kilemba, kana kwamba mwanafunzi amsimamisha fundi mbele ya watu na kumvika heshima kichwani. Na mtu asifiwaye kwa maneno matupu husemwa kwamba amevikwa kilemba cha ukoka, yaani cha majani, ambacho kikipata jua hunyauka. Lugha yetu yenyewe yajua kupambanua sifa ya kweli na sifa ya bure.

Pengine mtauliza habari za kofia nyekundu yenye shada, yaani tarabushi. Hiyo nayo ilipita katika pwani yetu. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki aliwaamuru watumishi wa dola yake waivae, ikaenea katika nchi nyingi. Askari wa Wadachi huku Afrika Mashariki walivaa tarabushi za kaki, na askari wa Waingereza, wale wa K.A.R., walikuwa nazo vilevile. Lakini mwaka 1925 serikali ya Uturuki yenyewe ilitunga sheria ya kuikataza. Kofia iliyoletwa kwa amri iliondolewa kwa amri. Kofia ya viua haikuamriwa na sultani wala gavana. Watu waliipenda wenyewe, na kwa hiyo yadumu.

Tena haikudumu hapa tu. Katika visiwa vya Ngazija wanawake huidarizi kwa ustadi mkubwa. Na huko Omani wanaume huvaa kofia iitwayo kumma, ndugu ya kofia yetu, ambayo asili yake huhusishwa na Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 watu wengi wa Unguja walikimbia, na tangu mwaka 1970, alipotawala Sultani Qaboos, wengi walikaa Omani. Walioiacha nyumba na shamba waliweza kuchukua ujuzi wa sindano, kwa sababu ujuzi hauhitaji sanduku.

Siku hizi kofia nyingi zauzwazo sokoni zimeshonwa kwa mashine, na nyingine zaletwa kutoka nchi za mbali. Sitaki kuzilaumu. Kofia rahisi humwezesha maskini kufunika kichwa chake, na nikikumbuka habari nilizozieleza juu, siwezi kusema kwamba hilo ni jambo baya. Lakini hatari iko. Binti akiona kwamba kazi ya mwezi mzima hailipwi zaidi ya kazi ya mashine ya dakika chache, ataiweka sindano chini, wala hatumlaumu. Na sindano ikiisha kuwekwa chini kwa kizazi kimoja, nani atakayekifundisha kizazi cha pili?

Basi, ndugu msomaji, ukienda mjini kununua kofia, igeuze kwanza utazame ndani. Ya mashine, viua vyake vyote vyafanana kama ndugu pacha, na nyuzi za nyuma zimekimbia ovyo. Ya mkono ni safi ndani kama ilivyo nje, na ukitazama sana utaona kiua kimoja kimepita kidogo, kwa sababu jioni ilikuwa imeingia na taa ilikuwa haijawashwa. Ukiweza kuinunua hiyo, inunue, wala usishindane na mshonaji mpaka umtie haya kwa kazi yake. Usipoweza, nunua uwezayo, ila usiseme kwamba ni sawasawa.

Yule bibi wa Ng'ambo nalimwachia nusu ya fedha, nikarudi baada ya miezi miwili. Macho yake yalikuwa yamechoka. Jumapili iliyofuata niliivaa kofia yake mpaka mlango wa kanisa la Mkunazini. Hapo nikaivua, nikaishika mkononi ibada yote, nikivipapasa viua vyake kimoja kimoja kwa kidole.